Kuwafundisha Watoto Wadogo kwa Vitu Vionekanavyo



Waalimu wengi wa Shule ya Jumapili huja darasani na kitu mkononi: mshumaa, mbegu, chumvi katika karatasi, au jiwe lililookotwa njiani. Desturi hii ni njema. Mtoto wa miaka mitano hawezi kulishika neno "neema" kama anavyolishika yai. Neno humpita kama upepo. Bali yai atalichukua kwa mikono miwili, akiliangalia lisivunjike. Lakini nataka tuulizane jambo moja ambalo sijalisikia likiulizwa mara nyingi katika mikutano yetu ya waalimu. Tunapotwaa kitu alichokiumba Mungu, au kilichofanywa na mikono ya watu, tukakiweka kuwa mfano wa mambo ya mbinguni, je, twawiwa nini na kitu hicho? Tena twawiwa nini na mtoto anayekitazama? Maana yawezekana kunena neno la kweli kwa njia ya uongo, na mtoto akavipokea vyote viwili pamoja, asijue kuvitenga hata atakapokuwa mtu mzima.

Kwamba njia yenyewe ni halali, sina haja ya kusema mengi. Yoshua alipowavusha Waisraeli mto Yordani, mawe 12 yalitwaliwa katikati ya mto yakasimamishwa Gilgali, ili watoto wa siku za mbele wayaone na kuwauliza baba zao maana yake. Na katika Pasaka ni vivyo hivyo: mtoto huona yanayofanyika nyumbani mwao, huuliza, ndipo baba humweleza habari za kutoka Misri. Angalieni utaratibu huo. Kwanza ni kitu, kisha swali la mtoto, ndipo neno la baba. Sisi mara nyingi twaugeuza. Twaanza na fundisho, twalimaliza, ndipo twakitoa kitu mfukoni kama shahidi aliyekwisha kufundishwa la kusema. Mtoto hana nafasi ya kuuliza, kwa kuwa jibu limemtangulia.

Baba zetu katika imani waliujua utaratibu ule wa kwanza. Martin Luther alipotoa Katekisimo Ndogo mwaka 1529, aliikusudia hasa kwa mwenye nyumba, apate kuwafundisha watu wa nyumbani mwake. Na alipoeleza imani juu ya Mungu Muumba, hakupanda mbali kwenye mambo ya wanafalsafa. Alitaja nguo na viatu, chakula na kinywaji, nyumba, shamba na mifugo, vitu ambavyo mtoto aweza kuvigusa bila kutoka uani. Baada yake Johann Amos Comenius, askofu wa Umoja wa Ndugu, alitoa huko Nürnberg mwaka 1658 kitabu cha picha kwa watoto, kila kitu kimechorwa na kutajwa jina lake kwa Kilatini na Kijerumani. Yeye alifundisha kwamba yafaa mtoto apelekwe kwanza kwenye kitu chenyewe, maneno yafuate. Ndugu zetu Wamoravian, waliofika Rungwe mwaka 1891, wanamhesabu miongoni mwa baba zao.

Basi, neno langu ni hili: kitu kisemwe kama kilivyo kabla hakijasemwa kama mfano. Mwalimu asikipindishe kitu ili kilifae somo lake.

Sisi tukaao chini ya Kilimanjaro tunao mfano ulio karibu. Mtoto wa Dar es Salaam akisikia juu ya weupe wa theluji, sharti aelezwe kwa maneno mengi. Mtoto wa kwetu anyoshewe kidole tu asubuhi, mawingu yakiwa hayajapanda, na aione Kibo. Mwalimu mwenye mlima kama huo dirishani hana haja ya kukata pamba. Walakini nimesikia mara kwa mara ikifundishwa hivi: Upendo wa Mungu ni kama theluji ya Kibo, jua lawaka kila siku wala haiyeyuki. Maneno yapendeza masikioni, ila si kweli. Barafu ya Kibo ilipimwa mwaka 1912. Katika ile iliyopimwa mwaka ule, zaidi ya sehemu nne katika tano zimekwisha kutoweka. Babu aliyeketi nyuma ya kanisa alikiona kilele kile katika utoto wake kikiwa na vazi refu kuliko lilivyo leo, naye mtoto akirudi nyumbani atamsikia babu akisema hivyo. Sasa mtoto na afanye nini na upendo wa Mungu? Akimwamini mwalimu, sharti amwone babu kuwa mwongo. Akimwamini babu na macho yake mwenyewe, ataanza kufikiri kwamba upendo wa Mungu nao hupungua mwaka kwa mwaka. Mwalimu hakukusudia hayo, alitaka mfano mzuri tu. Lakini hakuutazama mlima kwanza.

Habari ya mbegu ya haradali ni ya namna hiyo. Huko Tabora na Songea, ambako tumbaku hulimwa, mtoto anajua kwamba mbegu ya tumbaku ni ndogo kama vumbi, haradali ni kubwa mbele yake. Akisimama na kusema hivyo, katekista mmoja atamwambia aketi, asibishane na Neno la Bwana. Mwingine atamwambia: Umeona vema. Bwana Yesu alikuwa akisema na watu wa Galilaya juu ya mbegu walizozijua wao. Tumbaku haikuwako kwao, maana ilitoka Amerika miaka mingi baadaye. Kisha atamwomba mtoto yule alete mbegu hizo Jumapili ya pili, wote wazione. Huyu wa pili hakupoteza kitu. Fundisho la ufalme uanzao mdogo limebaki pale pale, tena limepata mbegu ya pili ya kulishuhudia. Lakini yule wa kwanza amemfundisha mtoto kwamba kanisani macho hufumbwa.

Kuna jambo jingine linalonisumbua zaidi, nalo ni mazingaombwe. Mwalimu huleta bilauri ya maji safi, akatia matone ya iodini ile ya kupaka madonda, maji yakageuka rangi ya chai, ndiyo dhambi. Kisha humimina maji mengine yanayoonekana kuwa safi, na rangi yote yatoweka mbele ya macho ya watoto. Ndiyo kusafishwa moyo. Watoto hupiga makofi. Hawaambiwi kwamba yale maji ya pili yana dawa ya kung'arishia nguo. Nami nauliza: somo hilo limewapa nini? Kwanza wamejifunza kwamba mwalimu wa dini ana maji ya ajabu, na katika vijiji vyetu wako watu wengine wenye maji ya ajabu, nao hutoza fedha. Pili, na hili ni la hatari ya mwili, maji yale yaliyotakata hayakutakata hata kidogo. Yameondokewa na rangi tu, na mtoto akiyanywa yatamdhuru. Mfano wa moyo safi umekuwa bilauri ya sumu iliyo nyeupe. Nabii angeweza kuutumia mfano huo juu ya wanafiki, na ungefaa sana. Lakini si juu ya msamaha. Kama mwalimu ataka kuonyesha kusafishwa, na alete sufuria iliyoungua ugali, na majivu, na maji, awape watoto waisugue. Watachoka, wataona kwamba uchafu hautoki kwa kutamaniwa, na wengine watauliza mbona kuna alama isiyotoka. Hapo mwalimu ana la kusema, wala hakumdanganya mtu.

Sasa naja kwenye neno ambalo nafahamu litawaudhi wengine, lakini sharti lisemwe. Ni habari za rangi nyeusi.

Tarehe 11 Januari 1866 Charles Spurgeon, mhubiri wa London, alihubiri juu ya kitabu kidogo kisichokuwa na maneno, chenye kurasa tatu za rangi tu: nyeusi kwa dhambi, nyekundu kwa damu ya Yesu, nyeupe kwa moyo uliosafishwa. Mwaka 1875 Mmarekani Dwight Moody aliongeza rangi ya dhahabu kwa utukufu wa mbinguni. Kitabu hicho kimechukuliwa katika nchi nyingi za misheni, kwa sababu hakihitaji kufasiriwa, na mtoto asiyejua kusoma aweza kukishika na kukikumbuka. Faida hiyo siikatai. Wala sisemi kwamba Spurgeon alitudharau. Yeye aliupinga utumwa kwa nguvu, hata vitabu vya mahubiri yake vikachomwa moto katika majimbo ya kusini ya Marekani. Alikuwa akisema na watu wa mji wa moshi na masizi ya makaa ya mawe, na kwao neno jeusi lilikuwa karibu na neno chafu.

Lakini kitu hakisemi neno lile lile kila mahali. Mwinjilisti mmoja alinisimulia kwamba alipoufungua ukurasa mweusi mbele ya watoto wadogo na kusema, Huu ndio moyo wa mtu mwenye dhambi, mtoto wa kike aliyeketi mbele aliutazama ukurasa, kisha akautazama mkono wake, akauficha chini ya kanga. Hakusema neno. Mwinjilisti akaendelea na ukurasa mwekundu. Mimi nasema somo la siku ile lilikwisha pale mkono ulipofichwa, na yaliyofuata hayakusikiwa. Maana dhambi hutubiwa, ikasamehewa, ngozi haitubiwi. Mtoto akiisha kuzifunga hizi mbili pamoja, tumemhubiria kwamba kwake yeye hakuna wokovu ila awe mtu mwingine asiyeumbwa na Mungu. Hiyo si Injili.

Wengine hujibu kwamba Biblia yenyewe hulinganisha, kwa kuwa nabii Yeremia aliuliza kama Mkushi aweza kuibadili ngozi yake. Na wasome tena. Nabii hakusema kwamba ngozi ya Mkushi ni mbaya, wala kwamba madoadoa ya chui ni dhambi ya chui. Alisema tu kwamba mazoea ya uovu hayamtoki mtu kwa urahisi, kama vile ngozi isivyobadilika. Tena katika kitabu hicho hicho kuna Mkushi mwingine, naye ana jina. Yeremia alipotupwa katika shimo lenye matope, wakuu wakamwacha azame, aliyekwenda kumwombea kwa mfalme alikuwa Ebedmeleki Mkushi. Akapewa watu wa kumsaidia. Lakini kabla ya kwenda shimoni alipita chini ya nyumba ya hazina, akachukua matambara na nguo zilizochakaa, akamteremshia nabii pamoja na kamba, akamwambia azitie makwapani chini ya kamba, zisimwumize.

Ndugu waalimu, ni nani kwetu asiye na kamba na kanga kuukuu? Hapo pana somo la vitu lisilohitaji duka wala posta. Mpeni mtoto mmoja ashike kamba tupu makwapani, mwingine amvute kidogo, ataona inavyochuna. Kisha tieni kanga, avutwe tena. Watacheka, na mcheke nao. Ndipo mtawauliza: Kwa nini mtu huyu, mwenye haraka ya kumwokoa nabii asife, alisimama kwanza kutafuta matambara? Nimeuliza swali hili mahali pengi, na majibu ya watoto hupita yangu. Mmoja alisema, Labda naye aliwahi kuvutwa kwa kamba. Maandiko hayasemi hivyo. Lakini niliporudi nyumbani niliyafikiri maneno yale muda mrefu.

Na weusi wenyewe, kwa nini tuutafutie maana kwa watu wa mbali? Wingu jeusi kwetu ni mvua. Udongo mweusi ndio uzaao. Chungu cheusi ni chungu kilichopika, na mtoto akiuliza masizi yale yalitoka wapi, mama atamwonyesha siku zote alizomlisha. Mwalimu akitaka mfano wa dhambi, na atumie uchafu, au kutu, au jembe lililopinda, au njia iliyopotea. Na uchafu, tukisema kweli, huonekana vizuri zaidi katika nguo nyeupe.

Katika vitu vya kwetu kimoja kinastahili kutajwa peke yake, nacho ni isale. Wasomaji wasiokaa Uchagani wajue kwamba isale ni mmea wenye majani marefu, hupandwa mipakani mwa vihamba, na tangu zamani mtu aliyemkosea mwenzake huchukua jani lake kwenda kuomba msamaha. Aliyepelekewa isale ni vigumu sana kukataa. Mtoto wa kwetu huona jambo hili kabla hajajua kusoma: baba na jirani waliogombania mpaka, mmoja aja na jani, na jioni watu waketi pamoja. Wako wazee wa kanisa wasemao kwamba kitu hiki kisiingie darasani, kwa kuwa ni cha wahenga. Wengine wakumbuka kwamba Bruno Gutmann, mmisionari wa Leipzig aliyefanya kazi Moshi hata mwaka 1938, alifundisha kwamba vifungo vya ukoo na ujirani ni vipawa vya Mungu visivyofaa kukatwa na kanisa. Mimi sioni kosa katika jani. Naona hatari katika kulisema nusu.

Maana mfano huu una mahali unapoishia, na mwalimu mwaminifu huonyesha mahali hapo kama mtu aonyeshavyo mpaka wa shamba lake. Isale huchukuliwa na aliyekosa, akaenda kwa aliyekosewa. Ndivyo ilivyo haki kati ya jirani na jirani, na mtoto aliyempiga nduguye na aende hivyo kwa miguu yake. Lakini katika Injili aliyetoka nyumbani mwake ni yule aliyekosewa. Sisi hatukuwa na jani la kumpelekea, wala hatukuwa njiani kwenda kwake. Yeye ndiye aliyekuja. Mtoto aijuaye isale ataushangaa mgeuko huu, na mshangao wake ni wa haki. Kwa wengine wetu neno hili limekwisha kuwa la kawaida, halitushangazi tena. Basi mwalimu akiificha tofauti ili mfano ukae sawa, ametupa sehemu iliyo bora. Mahali kitu kinaposhindwa kusema, mara nyingi ndipo somo lilipo.

Nimalizie na habari ya nyoka wa shaba. Alifanywa na Musa kwa amri ya Mungu mwenyewe, na waliomtazama jangwani walipona. Lakini mamia ya miaka baadaye watu walikuwa wakimfukizia uvumba, hata mfalme Hezekia akamvunja vipande vipande akamwita Nehushtani, yaani kitu cha shaba tu. Ikiwa kitu kilichoamriwa na Mungu kiliweza kugeuka sanamu, sembuse vya kwetu. Namjua mtoto aliyepewa na mwalimu wake jiwe dogo jeupe la kumkumbusha kwamba Mungu ni mwamba. Akalifunga katika kitambaa, akawa halali bila jiwe lile chini ya mto, na lilipopotea alilia usiku mzima. Mama yake aliona ni dalili ya imani. Mimi niliona hirizi, ingawa imetoka kanisani, nikamwambia mama hivyo, naye hakufurahi.

Kwa hiyo nawashauri waalimu wasiwagawie watoto vitu vya somo kwenda navyo nyumbani kama kinga. Chungu kilichoazimwa jikoni kirudi jikoni siku ile ile, kipikiwe maharage. Kanga kuukuu iendelee kuwa ya kupangusia meza. Na kamba ikafungiwe mbuzi kama desturi. Jumatano au Alhamisi mtoto aliyetumwa kumchunga ataishika kamba ile, na huenda atalikumbuka shimo la Yeremia, huenda asilikumbuke. Akikumbuka atakuja kuuliza kwa nini yule Mkushi hakutuma mtu mwingine kuyatafuta matambara, akaenda mwenyewe. Mjibuni pale pale, hata kama mbuzi anavuta kwenda majanini.